Kobe wa Burat haogopi usiku, anaogopa asubuhi isiyo na jua

Jioni, mbuzi wakisharudi zizini, si ajabu katika vijiji vya Burat, Isiolo, mtoto kufika nyumbani amekumbatia kobe. Kamkuta machungani, au kandokando ya mashamba ya kumwagilia yanayofuata Mto Isiolo, akaona ni mgeni wa kuja naye. Mama atauliza mambo mawili: umemtoa wapi, na usiku huu atalala wapi? La kwanza mtoto ana jibu lake. La pili linawashinda hata watu wazima, na wengi hulikosea kwa namna ileile. Kobe hutiwa ndani ya karai, karai likawekwa kwenye sakafu ya simiti, mlango ukafungwa, na wenye nyumba wakalala wakiamini wamemsitiri na baridi.

Kumbe wamempokonya joto. Simiti hunyonya joto la mwili usiku kucha, na chumba kilichofungwa humnyima kobe kitu anachokihitaji kuliko blanketi lolote, nalo ni jua la saa moja asubuhi. Usiku wa baridi, mradi uwe mkavu, kobe mzima wa Isiolo anauvuka bila taabu. Kinachomwangusha ni usiku huo kufuatwa na asubuhi isiyompa pa kuota jua, kisha nyingine, kisha nyingine.

Jambo hilo moja likieleweka, mengine yote kuhusu kumtunza kobe ndani ya nyumba hufuata. Linaeleza kwa nini Mwingereza hununua vifaa vya umeme ili kobe wake alale salama, kwa nini kobe aliyetolewa Isiolo akapelekwa Limuru hudhoofika bila jeraha lolote, na kwa nini kumsaidia kobe kwa usiku mmoja ni rahisi ilhali kumfuga kwa miaka ni kazi ambayo nyumba nyingi haziiwezi.

Mwili usiojiwashia moto

Kobe anayeonekana sana Isiolo, Samburu na Laikipia ni yule wa gamba la rangi ya udongo wa manjano lililotapakaa madoa meusi. Wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis, jina linalomfananisha na chui kwa sababu ya madoa hayo. Akikomaa anaweza kuwa na kilo 10 hadi 20. Kama walivyo nyoka na mijusi, mwili wake haujitengenezei joto la kutosha. Mtu na mbuzi hutumia sehemu kubwa ya chakula chao kuupasha mwili moto. Kobe joto lake hulikopa kutoka kwa jua na ardhi. Ndiyo maana anaweza kukaa siku nyingi bila mlo katika nchi kame. Na ndiyo maana kila kazi ya mwili wake, iwe kutembea, kupambana na maradhi au kusaga chakula, husubiri joto la nje.

Kusaga chakula ndiko kunakohitaji kuangaliwa zaidi. Kobe hula nyasi, majani, maua na matunda ya mwituni, na majani hayo magumu huvunjwavunjwa tumboni na vijidudu vinavyofanya kazi vizuri mwili unapokaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Mwili ukipoa usiku, vijidudu hupumzika. Ukipata jua asubuhi, huendelea. Lakini ukipoa na kubaki umepoa mchana kutwa, chakula hukaa palepale na kuanza kuchacha. Kwa sababu hiyo kobe aliyeshibishwa vizuri kisha akawekwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa huwa hatarini kuliko mwenzake mwenye njaa aliyewekwa hapohapo. Huruma ya kumjazia sukuma wiki jioni ili “apate nguvu ya baridi” humdhuru.

Gamba nalo hudhaniwa kuwa koti. Si koti. Ni mfupa, mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana na kufunikwa kwa bamba gumu, na ndani yake mna damu na mishipa ya fahamu. Joto hupita humo likiingia na likitoka. Kinachomlinda kobe mkubwa ni uzito wake: wa kilo 15 aliyeota jua mchana kutwa hupoa polepole, kama figa linalobaki na moto baada ya kuni kuzimika. Kobe mchanga, anayetoka kwenye yai akiwa na gramu 30 au 40 tu, hana akiba hiyo, hivyo hupoa upesi baada ya jua kuzama. Usiku uleule ambao babu yake anaupita akiwa amejikunyata chini ya kichaka unaweza kuwa mzito mno kwake akiwekwa mahali pasipofaa.

Usiku wa Burat ulivyo

Isiolo iko karibu sana na Ikweta, kaskazini yake kidogo, katika mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huzunguka nyuzi 30 na usiku hushuka hadi nyuzi 16 au 18, na katika miezi ya upepo, Juni hadi Agosti, huweza kushuka zaidi kidogo. Jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima na kukaa angani saa 12. Kobe wa Burat amezaliwa ndani ya mzunguko huo, na mwili wake unautegemea.

Jioni hutafuta maficho yake mwenyewe: nyasi ndefu, mvungu wa kichaka cha miiba, au shimo lililoachwa na bweha au mhanga. Udongo uliochomwa na jua mchana huachia joto lake taratibu usiku kucha, na matawi juu yake huzuia upepo, hivyo hewa ya chini ya kichaka hukosa ule ukali wa baridi ulioko uwanjani. Asubuhi hujikongoja hadi penye jua, akatandaza miguu na shingo, akatulia hivyo mpaka mwili uwake. Hapo ndipo huanza kula. Adhuhuri inapokuwa kali hurudi kivulini, kwa kuwa joto likizidi humuua upesi kuliko baridi. Kwa hiyo joto la kobe halitoki mahali pamoja. Hulipata kwa kuhama siku nzima kutoka jua hadi kivuli, na kutoka kivuli hadi shimo.

Nchi hizi kavu zina kobe mwingine aliyeufanya mwamba kuwa nyumba yake ya usiku. Ni yule aliye bapa, Malacochersus tornieri, aliyeelezwa kisayansi mwaka wa 1903, na ambaye nchini Kenya huishi kwenye vilima vya mawe vya maeneo kame kama Kitui na Samburu. Gamba lake ni jembamba na hubonyea, tofauti na la kobe wengine, hivyo anapotishwa hakai akajificha ndani yake bali hukimbia na kujisokomeza katika ufa wa jiwe. Ufa huo ni salama dhidi ya adui, na pia ni mahali ambapo joto halipandi wala kushuka kwa ghafla, kwa sababu jiwe kubwa huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa.

Hata kabla ya kuzaliwa, kobe huwa ameshaanza kuutegemea udongo. Jike la kobe wa madoa hulainisha ardhi kwa mkojo, akachimba, akataga na kufukia. Mayai hukaa humo miezi minane na pengine kupita mwaka. Joto la kiota ndilo huamua jinsia: udongo wenye ubaridi kiasi hutoa madume zaidi, na wenye joto zaidi hutoa majike. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya yote haya kwa pamoja.

Akihamishiwa Limuru, au London

Tuseme yule mtoto wa Burat ana shangazi Limuru, na shangazi amempenda kobe. Kobe anatiwa kwenye gunia na kusafirishwa hadi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Julai huko, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10. Hilo peke yake lingevumilika. Tatizo ni kwamba kunapambazuka na ukungu, ukungu unakaa hadi mchana, na pengine siku nzima jua halionekani. Nyasi zimelowa, ardhi ni tope. Kobe hapati mahali popote pa kuufikisha mwili wake nyuzi 30.

Dalili huja kimyakimya. Huacha kula. Hufumba macho. Kisha pua hutoa makamasi, na baadaye hupumua akiwa amefungua kinywa. Kobe hana kiwambo cha pumzi kama chetu na hawezi kukohoa, hivyo uchafu ukishuka mapafuni hauna njia ya kutoka. Baridi ikishirikiana na unyevu, nimonia haiko mbali. Wenye nyumba husema “amelala tu, kobe ndivyo walivyo,” na siku zinapita.

Dhana hiyo ya kulala ina chanzo, ila ni cha kobe wa kwingine. Kobe wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania kweli hulala miezi ya baridi kali. Kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne, Uingereza, aliandika katika karne ya 18 jinsi kobe wake aliyeitwa Timothy, ambaye baadaye ilijulikana kuwa ni jike, alivyokuwa akijifukia ardhini karibu na Novemba na kuibuka Aprili. Hadi leo kuna wafugaji Ulaya wanaowalaza kobe wa jamii hiyo ndani ya friji, kwenye nyuzi 5, chini ya uangalizi. Kobe wa madoa hana desturi hiyo. Ukimpeleka kwenye nyuzi 5 na kumwacha huko, hutakuwa umemlaza, utakuwa umemuua. Anayesoma ushauri wa kobe kwenye simu yake aulize kwanza: ni kobe gani anayezungumziwa?

Huko London au Chicago, mwenye kobe wa asili ya Afrika hulazimika kuijenga Isiolo ndani ya chumba. Mchana huwasha taa mbili: moja ya joto, inayofikisha nyuzi 32 hadi 35 pale kobe anapoota, na nyingine ya miale ya urujuanimno, kwa sababu bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D, mwili haupati kalsiamu, na gamba hulainika. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Kioo huchuja miale hiyo. Upande wa pili wa kizimba huachwa uwe na ubaridi ili kobe achague mwenyewe.

Usiku taa zote huzimwa, kwa kuwa kobe anahitaji giza kama anavyohitaji joto. Taa nyekundu zilizokuwa zikiuzwa kama “taa za usiku” humsumbua pia. Mahali pake huwekwa balbu ya kauri, isiyotoa mwanga wowote, inayoning'inizwa juu na kufungwa kwenye soketi ya kauri kwa sababu ya plastiki ingeyeyuka. Huunganishwa na themostati inayoikata joto likitosha na kuiwasha likipungua. Lengo la kawaida kwa kobe mkubwa wa madoa ni nyuzi 18 hadi 21 usiku, na kwa mchanga ni 22 au zaidi. Kipimajoto huwekwa chini, kwenye kimo cha mgongo wa kobe. Kile cha ukutani kinasoma joto la mwenye nyumba.

Joto hushushwa kutoka juu kwa sababu porini linatoka juu. Vipo vitanda vya umeme vya kuweka chini ya mnyama, na mawe ya plastiki yanayopashwa moto kwa waya, lakini kobe hatambui vizuri joto linalomuunguza tumboni. Wameungua wengi wakiwa wametulia. Aidha, chumba kinachopashwa moto hukauka, na kobe mchanga anayekulia penye hewa kavu mno hupata gamba lenye vichuguu. Utafiti uliofanywa Vienna na kuchapishwa mwaka wa 2003 juu ya kobe wengine wa Afrika, wale wakubwa wa Saheli, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa huchangia vichuguu hivyo kuliko wingi wa protini, ambao ndio uliokuwa ukilaumiwa.

Gharama yake? Balbu ya wati 100 ikiwaka saa 12 kila usiku bila kukatwa hula uniti 36 kwa mwezi. Nchini Kenya, nyumba inayotumia uniti 30 au chini kwa mwezi ndiyo inayohesabiwa katika kundi la wateja wadogo kabisa wa stima. Kobe mmoja, kwa usiku wake peke yake, angelitoa boma zima kwenye kundi hilo. Na stima ikipotea usiku wa Julai, kobe hana cha kufanya.

Waliotoka na mizigo

Tamaa ya kuwa na kobe sebuleni ndiyo inayolisha biashara ya kuwatorosha. Kobe bapa ameumizwa zaidi, kwa kuwa hutaga yai moja moja na hivyo idadi yake ikishuka huchelewa kurudi. Wanaomtafuta hupenyeza vyuma kwenye nyufa na kuvunja mawe ili wamtoe, na mwamba uliovunjwa hautakuwa tena malazi ya kobe mwingine. Kenya ilizuia kusafirishwa kwake nje mapema miaka ya 1980. Mwaka wa 2019, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Geneva, pendekezo la Kenya na Marekani lilikubaliwa, na kobe huyo akaingizwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kinachopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Mwaka huohuo akatajwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Marufuku hayajamaliza kazi. Novemba 2024 Thailand iliikabidhi Tanzania kobe 116 ambao kesi yao ilianzia kwenye sanduku la abiria katika uwanja wa ndege wa Bangkok mwaka wa 2022. Miongoni mwao walikuwamo kobe bapa. Na anayedhani mahakama hazijali viumbe wadogo akumbuke Mei 2025, pale mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA jijini Nairobi ilipowatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kupatikana na chungu wapatao 5,000 Naivasha, waliokusudiwa soko la wafugaji wa wadudu ng'ambo.

Wafugaji wa Isiolo wana sababu yao ya kuijali biashara hii, nayo ni kupe. Mwaka wa 2000 wizara ya kilimo ya Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa kobe wa madoa na jamaa zake wawili wa Afrika, baada ya kupe wa Kiafrika kukutwa kwenye kobe walioagizwa kama wanyama wa kufugwa. Kupe hao huweza kueneza ugonjwa wa maji ya moyo, unaojaza maji kifuani na kuangusha ng'ombe, kondoo na mbuzi. Marekani haikutaka ugonjwa huo uingie kupitia sebule za watu. Huku kwetu ugonjwa upo tayari. Bado hiyo si sababu ya kumchukua kobe mwenye kupe na kumlaza kando ya wana-mbuzi.

Wala mahali penye joto si dawa peke yake. Katika kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 22, na kobe wakubwa wanne walioletwa mwaka wa 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli walizaana bila balbu wala themostati. Kufikia mwaka wa 1955 walikuwa karibu 200. Kisha wizi ukaanza, kwa ajili ya kuuzwa kama wanyama wa kufuga na kuliwa, na mwaka wa 1996 wakawa wamebaki saba. Ilibidi ujengwe uzio wa kuwalinda na kuletwa wengine wadogo. Jua lilikuwa lilelile muda wote huo. Watu ndio waliobadilika.

Usiku mmoja chini ya paa lako

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali, na kobe ni mnyamapori hata akiwa mpole kiasi gani. Aliye mzima na hajaumia, mahali pake ni pale alipookotwa, si pengine popote. Ukimkuta katikati ya barabara kuu ya Isiolo–Moyale, mvushe kuelekea alikokuwa akienda, ukimshika kwa utulivu karibu na ardhi. Kobe akishtuka hukojoa, na mkojo huo wakati wa kiangazi ni akiba yake ya maji.

Lakini hutokea kobe akagongwa na pikipiki, akaunguzwa na moto wa nyasi, au akaletwa nyumbani usiku umeshaingia na ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mjini Isiolo iko mbali. Basi alale, na alale vizuri.

Mwondoe kwenye simiti. Tandika ubao au katoni zilizokunjwa, kisha weka boksi lenye kuta asizoweza kuona nje, maana kobe anayeona nje husukuma ukuta usiku kucha na kujichosha. Ndani tia nyasi kavu zenye kina cha kumfunika. Boksi lisiwe kubwa. Liwe upande wa ndani wa nyumba, mbali na mlango na mbali na ukuta wa mabati. Bati hupoa mara jua linapozama.

Kama ni mchanga, au mgonjwa, au ni usiku wa upepo, jaza maji ya moto kwenye chupa ya lita mbili, ifunge vizuri, izungushie kitambaa kizito, uilaze upande mmoja tu wa boksi. Upande wa pili ubaki bila chupa ili aweze kusogea. Mkono wako ukishindwa kukaa juu ya kitambaa hicho, ni moto mno. Usilete jiko la makaa chumbani kwa ajili yake: makaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na kila mwaka familia hupotea hivyo.

Usimlishe jioni, na usimwogeshe. Mwangalie kupe kwenye makwapa na shingoni. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumgusa, kwa sababu kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuugua.

Asubuhi, jua linapoanza kuwa na nguvu, mtoe nje mahali pakavu ambapo nusu ni jua na nusu ni kivuli. Usimwache ndani ya karai juani. Hana jasho, na karai lisilo na kivuli humpika kufikia saa nne. Akishapata moto mpe maji ya vuguvugu kwenye sahani pana, kina kisipite kidevu chake, anywe na kulowa kwa dakika chache. Ndipo umpe nyasi na majani. Halafu wapigie KWS au askari wa hifadhi ya jamii iliyo karibu, waamue yanayofuata. Jeraha la gamba lataka daktari wa mifugo. Gundi na simiti, ambazo watu huzitumia, hufungia uchafu ndani ya mfupa.

Kipimajoto kwanza

Karibu kila mwongozo wa kumtunza kobe wa madoa usiku umeandikwa Ulaya na Marekani, na watu wanaojaribu kuiga usiku ambao hawajawahi kulala ndani yake. Wamejitahidi, na mengi wameyapatia. Lakini makisio yao ya “usiku wa Afrika” ni ya bara zima, ilhali usiku wa Burat una vipimo vyake, na vipimo hivyo havihitaji maabara.

Chama cha wanafunzi wapenda wanyamapori, ambacho Kenya imekuwa nacho tangu 1968, kina matawi mashuleni. Shule moja ya Burat ikipata vipimajoto vinne vya bei ndogo inaweza kuweka kimoja kwenye sakafu ya darasa, kimoja ukutani kwenye bati, kimoja chini ya kichaka na kimoja ndani ya ufa wa jiwe, kisha kusoma saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili alfajiri kwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwa nini kobe hachagui nyumba ya mtu. Na watakuwa na jedwali ambalo daktari wa wanyama wa Limuru, au mfugaji wa London mwenye kobe aliyezaliwa kizimbani, atalazimika kuandika barua kwenda Burat kuliomba.